Samaki Aliyelamba Kioo cha Baba

Wiki iliyopita nilimwaga maji ya maua niliyokuwa nimeyasahau juu ya kabati. Yalikuwa yamegeuka kijani, mazito, na harufu yake iliponipanda puani nikaanza kucheka. Nilicheka peke yangu jikoni, mwanamke mzima, mwalimu mstaafu, mpaka mjukuu wangu akaja mbio. "Susu, ni nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nenda ucheze. Ningemwambia nini? Kwamba harufu ya maji yaliyochacha kwa jua ndiyo harufu ya siku niliyomwona mzee wa kanisa akitetemeka kwa hofu, na kwamba mpaka leo inanipendeza?

Ninyi wa rika langu mnajua tulivyolelewa. Mtoto hakuwa na mdomo mbele ya mkubwa. Mkubwa akikosa, wewe unameza mate na kuangalia chini. Basi na mimi nilimeza, lakini sikuwahi kusahau, na njia ya kulipiza ilipojitokeza sikuuliza imetoka kwa nani.

Tulikaa Makindu, upande wa chini wa reli. Baba alikuwa karani wa stoo ya Mhindi mmoja aliyeuza mbao na mabati. Mhindi yule alipofunga duka na kuhamia ng'ambo na watoto wake, kila mfanyakazi aliachiwa kitu. Mmoja akapata meza ya mninga, mwingine akapata cherehani ya miguu. Baba akapata tangi la kioo la kufugia samaki, urefu wake kama kitanda cha mtoto, na ndani yake samaki wanne wa rangi ya dhahabu. Wee, watu walicheka! Mji wenyewe maji yanapangiwa foleni na punda, halafu huyu anafuga samaki wa kuangalia. Mama hakucheka. "Wenzako wameleta cherehani," alisema, "wewe umeniletea midomo minne ya kulisha."

Lakini Baba alilipenda tangi lile kupita kiasi. Aliliita Mombasa. Akirudi kazini alivua viatu, akaniambia, "Ndinda, nenda ulishe Mombasa," nami nikachukua punje chache za makombo ya mkate kwa ncha za vidole, kama alivyonifundisha, nikadondosha. Sikuwa nimewahi kuona bahari. Kwa muda mrefu niliamini kabisa kwamba bahari ina kona nne na mfuniko wa mbao.

Shida ya Mombasa ilikuwa kijani. Kila baada ya siku chache kioo kilishika utando wa kijani wenye utelezi, na Baba akapandisha mikono ya shati, akaukwangua kwa wembe mpaka kiuno kikamuuma. Mhindi alikuwa amemwambia kwamba Nairobi kuna duka linauza samaki wa kula uchafu huo. Baba akacheka. "Huyo tunaye mtoni, bure," alisema, na Jumamosi moja akachukua kiondo cha Mama, tukashuka naye kwenye chemchemi.

Mtoto yeyote wa Makindu alimjua samaki yule. Alikuwa mdogo, wa rangi ya matope, mdomo wake uko chini ya kidevu, na kazi yake ni kung'ang'ania mawe na kuyanyonya. Ukitumbukiza mguu na kutulia, anakuja kukunyonya kisigino mpaka unacheka. Hakuna aliyemla, maana ni mifupa mitupu. Baba alimtega kwa kiondo, tukamleta nyumbani ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, tukamwachia Mombasa. Hakupoteza wakati. Alijibandika kwenye kona moja, akaanza kulamba kioo kutoka juu kwenda chini, na pale alipopita paliachwa barabara safi. Baada ya siku tatu tungeweza kuhesabu magamba ya wale wa dhahabu. Baba akampa jina: Bwana Afya. Mnawakumbuka mabwana afya wa zamani, walivyokuwa wakiingia uani na kofia kuangalia kama choo kina mfuniko? Ndiyo hivyo. Akimaliza kazi Bwana Afya alijificha chini ya jiwe, na mgeni angeweza kukaa jioni nzima asijue yupo.

Baba aliliweka tangi kwenye kona ya giza, mbali na dirisha. Nilidhani analificha wezi wasilione. Mtoto huelewa kwa kadiri yake.

Halafu kifua kilimshika Baba. Alikohoa mwezi mzima, akakonda, na kaka yake mkubwa akampeleka hospitali Machakos. Huyu kaka, Baba Mkubwa, alikuwa na hoteli ya chai kando ya barabara kuu, mabasi yaliposimama, na Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani pamoja na wazee. Yeye ndiye aliyekuwa akienda na kurudi na kutuletea habari, kwa sababu Mama alikuwa hana nauli na mimi nilikuwa na shule. Siku moja alirudi na habari ile nyingine. Sitaieleza. Mnajua inavyokuja.

Siku ya nne baada ya mazishi wanaume wa ukoo walikaa uani kwetu. Mama aliwapikia chai, akawamiminia, wakanywa, halafu Baba Mkubwa akafuta midomo na kusema, "Mali ya ndugu yangu haiwezi kulala nje." Akasimama. Baiskeli ilitoka. Redio ikatoka. Koti la Baba likatoka, lile la kijivu, na meza, na viti viwili. Vyote vikapakiwa kwenye mkokoteni wa hoteli. Kisha akamgeukia Mama. "Shamba la mtoni utavuna mbaazi zilizomo, si mimi nitakunyima chakula. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha nitalima mwenyewe. Wewe ni kijana bado. Umezaa msichana tu, na msichana ni wa kuolewa. Rudi kwenu Matinyani."

Shamba lile ndilo lililokuwa likitulisha. Baba alilinunua kwa jasho lake, ila hakukuwa na karatasi, ni wazee tu walioshuhudia, na wazee wenyewe ndio hao walikuwa wamekunywa chai wakiangalia vidole vya miguu yao. Mama akaanza kukusanya vikombe vyao. Nilimkasirikia Mama siku ile karibu sawa na nilivyomkasirikia Baba Mkubwa.

Mwisho wakalibeba Mombasa. Walimwaga maji uani, kuku wakakimbia, na samaki wakatiwa kwenye debe. Baba Mkubwa aliponyosha mkono kushika kona ya kioo, nikaushika mkono huo kwa meno. Nilimuuma mpaka nikasikia ladha ya damu, na kofi lililofuata lilinifanya nisikie kengele mpaka jioni. "Mtoto wa nyoka," alisema, akifunga leso kwenye mkono. Haki ya Mungu, sijawahi kuuma kitu kitamu kama kile.

Sasa sikieni alichofanya. Alilichukua tangi akaliweka kwenye dirisha la mbele la hoteli yake, uso kwa uso na jua, ili abiria wa mabasi walione wakiteremka. Na kweli waliteremka. Watu walikuja kunywa chai ili waangalie samaki. Na walipomuuliza alikolipata, niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, alisema, "Nililinunua Mombasa." Baba yangu hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Ila hakujua kuwatunza. Baada ya siku chache akaniita nikipita kutoka shule. "Wewe uliona baba yako akifanya hii kazi. Uwe unakuja Jumamosi uwaangalie." Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama kwamba siendi, afadhali nichapwe. Mama alikuwa akifua. Hakuinua kichwa. "Nenda," alisema. "Jicho lako liwe huko."

Nikaenda. Nilichokuta ni kwamba alikuwa akiwamwagia samaki mkate kwa konzi, na vipande vya chapati, ili wageni wawaone wakigombania. Maji yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, lakini kioo kilikuwa bado safi, kwa sababu Bwana Afya, maskini, alikuwa akichapa kazi mchana na usiku. Nikamwonyesha Baba Mkubwa kwa kidole. Akainama, akaangalia, akakunja pua. "Hiki nacho ni nini? Konokono? Kinaniharibia sura ya kitu." Akaenda zake.

Ndipo wazo likanijia, na lilikuja likiwa zima, kama yai. Huyu mtu hajui. Amebeba kila kitu na hajui kinachokishikilia ni nini. Niliamini kwa moyo wote kwamba samaki mmoja mdogo ndiye anayezuia kijani, na kwamba akiondoka tu, uchafu wa Baba Mkubwa utaonekana na dunia nzima. Nilichovya kikombe, nikamfuata Bwana Afya chini ya jiwe, nikamtia kwenye mkebe niliokuja nao wa kubebea maji safi. Nikavuka reli nikiwa nimeukumbatia mkebe kifuani, moyo unanidunda, na sikuwa na hofu hata chembe. Ilikuwa furaha. Nyumbani nikamwachia ndani ya pipa letu la maji, nikafunika.

Jumamosi iliyofuata kioo kilikuwa kimeshika kijani chembamba. Baada ya wiki mbili hukuweza kuona mkono upande wa pili. Na si kioo peke yake, maji yenyewe yaligeuka, yakawa mazito kama uji wa kunde, yakaanza kunuka. Baba Mkubwa akamwaga yote, akaleta mengine mapya kutoka bomba la stesheni. Siku ya tano yakawa kijani tena. Akamwaga, akatia chumvi. Yakawa kijani. Akatafuta maji ya chemchemi, yale tunayoyanywa wote na watoto wetu, akayatia. Kijani! Wateja wakaanza kunong'ona. Dereva mmoja wa lori, mtu wa maneno mengi, alisimama mlangoni na kusema kwa sauti, "Mzee, chai yako unachota hapa dirishani ama?" Hoteli nzima ikaangua kicheko. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kupangusia kioo, nikainama nisionekane meno.

Samaki wawili wa dhahabu walikufa. Niliwakuta wanaelea Jumapili asubuhi, nilipopitia hotelini kabla ya ibada, matumbo juu. Hao walikuwa samaki wa Baba, niliwalisha mwenyewe tangu nilipokuwa siwezi kufika juu bila kupanda kiti. Niliwalilia mpaka macho yakavimba. Lakini sikumrudisha Bwana Afya. Mnaweza kuniona vibaya kama mnataka.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nafundisha, mwalimu mwenzangu wa sayansi alinisikiliza hadithi hii na kunicheka. Alisema yule samaki analamba kioo na mawe tu, maji yenyewe hawezi kuyafanya chochote. Kilichogeuza maji ni jua la dirishani na ule mkate wa konzi. Ndiyo maana Baba aliliweka kwenye kona ya giza. Kwa hiyo ukitaka haki, Baba Mkubwa alijiroga mwenyewe kwa kujionyesha. Mimi nilichangia kidogo tu, na mchango wangu naudai.

Lakini yeye hakujua mambo ya jua. Alijua kitu kimoja, kile ambacho Mkamba yeyote alijua hata kama amebatizwa mara mbili: aliyekufa akinyang'anywa, hatulii. Mtu alikuwa anaweza kukaa kiti cha mbele kanisani na kuwakemea watu wanaotaja aimu, roho za wazee, halafu akiwa peke yake anamwaga tone la chai chini kabla ya kunywa. Nilimwona akimwaga. Niliona pia ameacha kukaa karibu na dirisha. Alimleta mchungaji akaombea tangi, mkono juu ya kioo, macho yamefumbwa, na samaki wawili waliobaki wakitafuta hewa juu ya maji. Siku moja akaniuliza, bila kuniangalia, "Baba yako... huwa unamwota?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa nikidanganya. Nilimwota kila mara.

"Anakuwa amekasirika?"

Nikafikiri. Katika ndoto Baba alikuwa akikwangua kioo na kupiga mluzi. "Hasemi kitu," nikajibu. "Analowa tu mikono." Akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kioo. Aii, nilitembea kwenda nyumbani siku hiyo kama niliyevaa viatu vipya.

Mama aligundua kwa sababu ya pipa. Kila mwezi alikuwa akilisugua ndani kwa mchanga na majani, kwa kuwa nalo lilishika utelezi. Mwezi ule aliinamia ndani na mchanga mkononi, akakaa vile kwa muda, kichwa ndani ya pipa. Kuta zilikuwa safi kama sahani. Nilisimama mlangoni nikisubiri fimbo. Mama akainuka, akakung'uta mchanga, akarudisha mfuniko polepole. "Ukichota maji," alisema, "usitumbukize debe kwa nguvu." Basi.

Mbaazi zilikomaa. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu, kwa sababu zikishavunwa, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima vya Chyulu, tungefunga virago kwenda Matinyani kukaa kwa mjomba ambaye nyumba yake ilikuwa imejaa. Mama alikwisha kuandaa magunia mawili ya nguo. Alasiri hiyo alikuwa ameketi mlangoni, ungo mapajani, anapukuchua mbaazi, nami nikiwa kando yake nachambua, tuliposikia mkokoteni.

Baba Mkubwa aliusukuma mwenyewe. Juu yake lilikuwa tangi, tupu, limeoshwa, na debe lenye wale samaki wawili. Alikuwa amekonda. Alisimama mbali kidogo, akavua kofia.

"Mama Ndinda, nimeleta kitu cha ndugu yangu."

"Karibu, shemeji," Mama akasema, vidole vikiendelea na mbaazi. "Ndinda, mpe kigoda."

Akaketi. Akaanza kueleza, maneno yakigongana. Haya maji si maji. Amefanya kila kitu. Hata kulala halali. "Ndugu yangu anadai," alisema. "Nimekuja kumrudishia. Wewe umwambie nimerudisha."

Mama akamwangalia kwa mara ya kwanza. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kanisa hasa, hakuwahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Angeweza kusema, shemeji, samaki wako yuko ndani ya pipa lile. Nikakaza macho kwenye mbaazi zangu.

"Hicho tu?" akauliza.

Baba Mkubwa akapangusa uso. "Na baiskeli," akasema. "Nitaleta baiskeli. Na redio."

Mama akachukua ganda lingine, akalifungua kwa dole gumba. Mbaazi zikaanguka kwenye ungo. "Hicho tu?"

"Koti. Na meza, na viti vyake."

"Hicho tu, shemeji?"

Baba Mkubwa aliinama, viwiko juu ya magoti, na alipoongea sauti ilikuwa ndogo. "Shamba," akasema. "Shamba la mtoni ni lake. Ni lenu. Nitasema mbele ya ukoo. Sitakanyaga huko tena, na mvua hii mlime nyinyi."

Nilitaka kuruka. Nilitaka kupiga vigelegele mpaka wasikie stesheni. Tumeshinda! Samaki wangu mdogo wa matope amemshika mzee wa kanisa kwa shingo na kumtoa shamba tumboni! Nilimwangalia Mama nione anafurahi. Hakuwa anafurahi. Alikuwa bado anapukuchua, na nadhani kwa wakati huo alikuwa ameshazoea kuuliza tu, au labda aliona kitu usoni mwa yule mtu ambacho mimi sikukiona.

"Hicho tu?"

Baba Mkubwa akaanza kulia. Mwanaume mzima. Alilia bila kujificha, makamasi na yote.

"Kule hospitali," akasema. "Alhamisi ile. Aliniambia, nenda uniletee Mama Ndinda na mtoto. Nina neno la kuwaambia, na uje na wazee wawili walisikie. Nikaja."

Vidole vya Mama vikasimama.

"Ulikuja," akasema.

"Nilikuja hapa. Nikaketi ndani. Mkanipa chai. Nikawaambia anaendelea vizuri." Akajifuta kwa kofia. "Nilijua akisema mbele ya wazee, litakuwa limesemwa. Neno la mtu anayekufa halivunjwi. Nilijua atawapa shamba kwa mdomo wake. Nikasema, ngoja kesho. Na kesho yenyewe..."

Niliikumbuka chai ile. Niliimimina mwenyewe. Alikuwa ameisifu, akasema nimejifunza kupika kama mama yangu, akaomba kikombe cha pili, na nilikuwa nimejisikia vizuri siku nzima. Baba alikuwa amelala Machakos akiangalia mlango.

"Alikuwa na neno gani?" Mama akauliza.

"Sijui. Hakuniambia. Alisema ni lenu."

Mama aliweka ungo chini. Aliuweka taratibu, hata mbaazi moja isimwagike, akasimama, na nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mrefu. "Vitu vilete kesho kabla ya saa sita. Usije wewe, tuma watu. La shamba utalisema Jumapili mbele ya ukoo wote, kwa sauti, na kwa nini unalisema. Halafu usinisalimie tena." Akaingia ndani na kufunga mlango. Mimi na Baba Mkubwa tulibaki uani, debe la samaki katikati yetu.

Alifanya yote. Tulilima mvua hiyo na zilizofuata, na shamba lile ndilo lililonisomesha mpaka nikawa mwalimu. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza Mama kama tumwambie kuhusu samaki, apumzike. "Mwache aogope," Mama alisema. Aliogopa. Miaka yote, akiniona mjini, alivuka barabara. Mama alikufa bila kujibu salamu yake hata moja, na kanisani wimbo wake ulipanda juu kidogo kila Baba Mkubwa alipokuwa akiomba.

Watu wa maombi wameniambia nisamehe. Mimi nawajibu kwamba angekuwa ameiba shamba peke yake ningekuwa nimesamehe zamani. Hata lile kofi ningesamehe. Lakini kulikuwa na neno langu duniani, nimewekewa mimi na mama yangu, na mtu mmoja alilikalia akinywa chai. Nimejaribu kulikisia maisha yangu yote. Usiku wa harusi yangu nililikisia, na nilipojifungua, na tulipomzika Mama.

Mwaka jana kijana wa Baba Mkubwa, binamu yangu, alibisha hodi kwangu. Mzee alikuwa amelala Makindu hospitalini, hali mbaya, na hakuwa akitaja mtu mwingine. "Anakuita wewe," binamu alisema. "Anasema ana neno la kukuambia."

Nilimwambia akae. Nikawasha jiko, nikapika chai ya maziwa, nzito, na tangawizi. Nikamwuliza habari za watoto. Alipomaliza kikombe nikamwongezea cha pili, akasema chai yangu ni nzuri. "Mwambie nakuja kesho," nikamwambia, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Sikwenda. Sikwenda kesho, wala kesho kutwa, na siku ya tatu simu ikapigwa. Labda alitaka kuomba msamaha tu, kama wanavyofanya wote wakifika hapo. Labda lilikuwa lile neno la Baba, alilolijua tangu mwanzo akatudanganya hajui. Sitajua kamwe, na inaniuma, sitawadanganya, kuna siku inaniuma nashindwa kula. Lakini akiniita tena leo, nitaweka maji ya chai jikoni.